Ndani Hakuna Mtazamaji

Mkuu wa idara ya muziki alikuja kwangu Mkuza akiwa na barakoa usoni, chupa ya dawa ya mikono mfukoni, na kwapani amebana mguu wa chuma wa kusimamishia simu. Vyuo vyote vilikuwa vimefungwa kwa sababu ya korona. Alisimama nje ya geti, mbali, kama mtu aliyeambiwa kuna mbwa mkali. Mbwa sina.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ingia. Nawa, ndoo hiyo hapo."

"Nimeshajipaka dawa, mama."

"Umejipaka kwenye gari lako. Hapa ni kwangu."

Akanawa. Ni mtu mzima, mvi zimeanza kumtoka, amesoma mpaka Ulaya, lakini haniringii na mimi simringii. Nikamwekea kiti upande wa pili wa uani, mimi nikakaa kwenye kizingiti cha jiko. Nikamuuliza kile chuma ni cha nini.

"Cha kukurekodia, mama."

Nikanyamaza kwanza. Ninaponyamaza mimi, wanaonijua huanza kujieleza haraka haraka.

Nijieleze na mimi kidogo, ili anayetaka kuacha kusoma aache mapema. Mimi nimesoma hadi darasa la nne, huko Kisarawe, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Nyumba hii ya Mkuza nimeijenga kwa vitumbua na ngoma, na hakuna mwanamume aliyewahi kushusha tofali hapa akasema ni lake. Nikipiga msondo, ile ngoma ndefu anayoiegemea mpigaji amesimama, watu huacha kula. Sijisifu, nasema kilichopo. Mkuu huyu wa idara alinisikia kwenye harusi moja Mlandizi, akanifuata na sahani yake mkononi, akaniomba nikafundishe wanafunzi wake chuoni Dar. Nikamwambia cheti sina. Akasema anavyo yeye vya kutosha sisi wawili. Nikacheka, nikakubali. Ndivyo nilivyokuwa mwalimu wa vipindi chuo kikuu, mimi wa darasa la nne lisiloisha.

Sasa, ngoma zetu za wanawake ziko za nje na ziko za ndani. Za nje hazina shida. Zinapita barabarani, anayetaka afuate, anayetaka apige picha, hata polisi wa barabarani hucheza. Za ndani ni zile anazopigiwa mwali, msichana aliyekua, aliyewekwa ndani afundwe na wanawake wakubwa. Watu wasiojua hudhani tunaficha matusi. Matusi yapo, na ni matamu, lakini si hayo yanayofichwa. Kinachozifanya ziwe za ndani ni sheria moja tu: ndani hakuna mtazamaji. Kila aliyemo ana kazi. Anapiga, anaitikia, anacheza, anateka maji, au ndiye mwali mwenyewe. Mtu wa kukaa pembeni anaangalia wenzake, huyo hana nafasi, hata awe mke wa nani.

Chuo kilipotaka na hizo za ndani zifundishwe, sikujibu mwenyewe. Nilimpeleka mkuu wa idara Kisarawe, kijijini, upande wa Mzenga, kwa shangazi yangu ambaye ndiye mkubwa wa ngoma za upande wetu. Akakalishwa mkekani na viatu kavua. Shangazi akamwambia: wasichana tu, waingizwe kwanza kama mwali anavyoingizwa, mlango ufungwe, na chombo cha kunasa sauti au picha kisivuke mlango. Mkuu akasema sawa. Akala ugali, akarudi mjini. Kwa hiyo neno lile halikuwa langu peke yangu. Lilikuwa na la mkuu, maana alisema sawa.

Ndiyo maana nilinyamaza siku ile uani, nikakitazama kile chuma.

"Mama, hali ya mwaka huu si ya kawaida," akaanza. "Darasa hakuna. Kila mwalimu anarekodi vipindi vyake, tunavipandisha kwenye mtandao wa chuo, wanafunzi wanaangalia huko walipo. Wa kinanda anarekodi. Wa zeze anarekodi. Kwaya, kila mmoja anaimba chumbani kwake, halafu tunaziunganisha."

"Nani anaziunganisha?"

"Kompyuta."

"Kwaya ya kompyuta. Hongereni."

Akacheka, lakini cheko la mtu aliyechoka. "Mama, una wanafunzi wanne wa mwaka wa mwisho. Somo lako ni la lazima kwao, walilichagua wenyewe na limeandikwa. Wasipopata alama zako hawahitimu. Sikutishi. Nakueleza."

"Nitawafundisha."

"Vipi?"

"Kwa simu. Ya kupiga na kuongea. Picha hapana."

Akatazama kile chuma chake kama ndicho kimemwaibisha. Akasema atarudi. Nikamfungia vitumbua vya watoto wake, akaenda.

Watu walidhani napigana na teknolojia. Simu ninayo, tena nzuri. Ila mimi najua kumfundisha mtu aliyefungiwa, kuliko wao wote. Nilipowekwa ndani mwenyewe, siku nyingi kungwi wangu hakuingia nilimokaa. Alikaa upande wa pili wa ukuta wa udongo, anapiga kigongo, na mimi ndani nagonga ubao wa kitanda kumjibu. Nikikosea ananitukana kupitia ukutani. Nilijifunza ngoma kabla sijaiona ngoma. Sasa korona imewafungia watoto wa watu ndani, tatizo langu liko wapi?

Nikawapigia, mmoja mmoja, asubuhi kabla jua halijakuwa kali. Mmoja alikuwa kwao Songea, mwingine Tanga, mwingine Mbagala. Wa nne alikuwa hapahapa Mkuza, kwa dada yake, mitaa michache kutoka kwangu, lakini naye nilimfundisha kwa simu kama wenzake, maana dada yake alikuwa na mtoto mchanga na hataki mgeni. Huyo, chuo kilipofungwa, alipata kibarua kwenye kiwanda kimoja Zegereni, cha kupanga ndoo za plastiki. Akawa anapigia ndoo. Wa Tanga alipigia dumu la mafuta ya kula. Wa Songea alipigia sufuria, mpaka siku moja nikasikia mama yake anamjia juu: "Hiyo ya kupikia ugali! Chuo gani hicho kinapasua masufuria?"

Nikamwambia mtoto, mpe mama simu. Akampa.

"Shikamoo," nikasema, kwa heshima.

"Marahaba. Nani wewe?"

"Mwalimu wake."

"Wa sufuria?"

"Wa ngoma. Kwenu mnapiga ngoma gani wanawake?"

Akaniimbia. Akaimba wimbo mzima, simu yangu salio linaisha, sikukata. Tangu siku ile sufuria ilipata ruhusa.

Mafundisho yakaenda. Mtandao ulikuwa unakatika, jogoo wanaingilia, dada wa huyu wa Mkuza anapita akigombeza, lakini sikio halidanganyiki. Mtu akichelewa kidogo tu kwenye mapigo mie nasikia, hata kwenye ndoo ya Zegereni.

Vyuo vikafunguliwa. Nikadhani mambo yamekwisha. Kumbe ndiyo yanaanza.

Mkuu akaniita ofisini. Kiti changu kimewekwa mbali na meza, sakafuni kumebandikwa alama za kusimama. Akanieleza kwamba mtahini wa nje, yule mtu wa chuo kingine anayekuja kuthibitisha alama, mwaka huu haji kukaa chumbani na wanafunzi. Kila mtihani wa vitendo utapigwa video, atatumiwa, atatoa alama akiwa kwake. Na video zitahifadhiwa.

"Mtahini mwenyewe ni mwanamume," nikasema.

"Ndiyo, mama."

"Wewe ulivua viatu kwa shangazi yangu ukasema sawa."

Akavua miwani. "Nakumbuka. Wakati ule hakukuwa na ugonjwa. Mama, unajua nani nimemzika mwezi huu? Sitaki kuongea hayo. Mimi sichezi na wewe. Wewe unataka kushinda. Mimi nataka wale watoto wamalize."

Hilo neno lilinigusa, siwezi kukataa. Hakuwa mjinga yule na hakuwa mbaya. Nikamwambia, "Mimi nataka vyote viwili."

"Vyote viwili havipo."

"Havijatafutwa."

Akanipa mpaka mwisho wa wiki.

Jioni ileile, jua bado lipo, yule wa Mkuza akaja kwangu. Hajawahi kuja bila kuitwa. Alikuwa na sare ya kiwandani, maana kibarua alikuwa hajaacha, na macho mekundu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mbona hivyo?"

"Nimeshajirekodi, bibi."

"Umejirekodi nini?"

"Wimbo wa kumtoa mwali. Wote. Nimefunga mlango, nimejirekodi. Sijatuma." Akatoa simu akaiweka juu ya meza ya vitumbua, kama mtu anayeweka kisu. "Wakisema mwisho umefika, natuma. Nimekuja kukwambia usoni, nisikuzunguke."

Niliwaka. Nilimwambia maneno, na sitayaandika yote. Nilimwambia amekula ugali wa shangazi yangu, amevikwa kanga, ameapa, halafu anakuja kuniwekea wimbo wa watu kwenye kisimu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kelele:

"Bibi, wewe una nyumba yako. Una jina. Somo likifutwa unarudi kwenye vitumbua vyako na watu wanakuita kwenye harusi. Mimi nina nini? Miaka yote hiyo nimekaa chuo. Dada analala na mtoto sebuleni ili mimi nipate chumba cha kusomea. Nikikosa somo hili, nawaambia nini nyumbani? Kwamba kuna wimbo hautakiwi kusikika?"

Nikaisukuma ile simu irudi upande wake wa meza.

"Usifute," nikamwambia mwishowe. "Na usitume. Nisubiri."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nitoke Kisarawe."

Asubuhi nikapanda bodaboda kutoka Mlandizi, ile barabara ya vumbi, nimejifunga kanga usoni juu ya barakoa. Kwa shangazi sikuingia ndani. Nilikaa chini ya kipaa cha jiko, yeye mlangoni, uani kati yetu kuna kuku wanapekua. Shangazi yangu ni mzee kweli, sikio moja limekufa, ugoro haumtoki mdomoni, na ulimi wake haujazeeka hata kidogo.

"Huyo korona umekuja naye?"

"Sijui, shangazi. Ndiyo maana nimekaa huku."

"Kaa hukohuko. Sema kwa nguvu."

Nikamweleza yote. Video, mtahini, watoto wanne, yule wa Mkuza na simu yake. Nilipofika hapo nikategemea atalipuka. Akatema ugoro pembeni.

"Kajirekodi akaja kukwambia?"

"Ndiyo."

"Basi huyo ni wetu. Mwizi haji kukuonyesha." Akafikiri. "Huyo anayetaka kuwapima, shida yake nini? Anataka kuona?"

"Anataka kuona, ndiyo. Atoe alama."

"Ndani hakuna wa kuona. Kama anataka kujua wanajua au hawajui, aingie."

"Ni mwanamume, shangazi."

"Kwani wanawake wenye elimu wamekwisha huko kwenu? Watafute mwanamke. Aje. Na kama hajawahi kuingia, aingie kama mwali. Siku hiyo mwali atakuwa yeye, watoto wampigie yeye. Mwali husikia kila kitu. Nani anayejua ngoma imepigwa vizuri kuliko aliyepigiwa?"

Nilicheka mpaka kuku wakaruka. Profesa kufunikwa kanga.

"Na ninyi wazee?" nikamuuliza. "Mkuu wa idara atasema tunawaletea ugonjwa."

"Atasema kweli. Siye tutakaa ndani ya nyumba, mlango umefungwa, tutasikia ukutani. Watoto wako wapige uani, uzio upo. Na wanawe hiyo mikono, hata kama hapana korona. Watoto wa mjini wachafu."

Nikarudi moja kwa moja hadi chuoni, vumbi lipo mpaka kwenye kope. Mkuu wa idara alikuwa anatoka kwenye kikao. Nikamweleza amesimama. Alipinga kila kitu, na kwa haki: nani atakubali, gari lipi, wazee watakuwa salama vipi, uongozi wa juu utasemaje. Kila alipopinga nikamjibu. Tulipofika kwenye mtahini kufunikwa kanga akashika ukuta.

"Mama, unataka nimpigie mtu mwenye shahada ya uzamivu nimwambie atakuwa mwali?"

"Mwambie kazi ni kukaa na kunyamaza. Wasomi wengi watafaidika."

Hakucheka pale. Lakini aliingia ofisini akapiga simu, nikamsikia mlangoni anaeleza, anarudia, anasema ndiyo, kanga, ndiyo, kimya. Alipotoka alikuwa na uso mwingine. Kuna mhadhiri mwanamke wa chuo kingine, mtu wa kwaya na kinanda, amekubali. Ameuliza jambo moja tu: avae nini.

Tukaenda Kisarawe. Gari la chuo madirisha wazi, barakoa kila mtu, wanafunzi wangu wanne nyuma. Mkuu wa idara ndiye aliyeendesha. Tulimwacha kwenye duka lililo barabarani, mbali kidogo na nyumba, na soda yake.

"Hapa nitasikia?" akauliza.

"Ukisikia, sawa. Kusikia kwa mbali si dhambi, hata mbuzi wanasikia."

Mlangoni mwa uzio nikaweka ungo. Simu zote ndani ya ungo. Wa Songea akaweka, wa Tanga, wa Mbagala. Mtahini akaweka mbili, maana wasomi huwa na mbili. Wa Mkuza alishika yake kidogo. Akabonyeza bonyeza, akanionyesha kioo: imefutika. Nikamsogezea ungo. Akaitia kwenye ungo.

Kutoka ndani ya nyumba, nyuma ya kidirisha cha miti, sauti ya shangazi: "Wewe mwenye miwani ndiye mwali?"

"Mimi ni mtahini," mtahini akajibu, kifuani kalikumbatia faili lake kama mtoto.

"Sikukuuliza kazi."

Akanitazama. Nikamwambia polepole, "Sema ndiyo."

"Ndiyo."

"Basi kuanzia hapo umeshamaliza kusema. Faili mpe kuku."

Wazee kule ndani wakacheka, wengi, sauti za vikohozi vya ugoro. Nikamkalisha mtahini mkekani, nikamfunika kanga kutoka kichwani mpaka miguuni, mikono ndani. Kalamu ikabaki nje. Sikuwahi kumwona mtu wa mjini akikaa vizuri namna ile. Mgongo wima, shingo chini, kimya.

Wakaanza. Mtihani wenyewe sitausimulia, kwa sababu niliyoieleza. Ila ya kutajika niyataje. Wa Mkuza alishika msondo, na nilipomwona anauegemea nikajua ndoo za Zegereni hazikumharibu. Wa Songea alikuwa kwenye vumi, ile kubwa inayonguruma chini. Wa Tanga, mwenye chapuo, ile ndogo ya haraka, alipata hofu. Akaanza kukimbia. Kidogo tu mwanzoni, halafu zaidi, na ngoma ikianza kukimbia huwezi kuisimamisha kwa maneno, na mimi sikuruhusiwa kumsaidia; ulikuwa mtihani. Nikaona jasho linamtoka puani. Wa Mbagala, anayeimba, anamfukuza, pumzi hana. Nikasema moyoni, hapa wanaanguka wote wanne, na mimi ndiye niliyewaleta.

Ndipo ukuta ukagongwa. Shangazi, au mmoja wao, ndani, kwa ngumi kwenye udongo: polepole, mahali pake, polepole, mahali pake. Wa Mkuza akausikia ukuta kabla yetu, akauweka msondo juu yake, akambana wa Tanga katikati, yeye upande mmoja na ukuta upande mwingine, mpaka chapuo ikatulia yenyewe kama mtoto aliyeshikwa mkono. Wakaendelea hadi mwisho. Mwali wetu chini ya kanga alikuwa anatikisa bega. Kidogo, lakini nililiona.

Tulipomfunua na kumnawisha uso, desturi ni kwamba wote hungojea neno la kwanza la mwali. Akavaa miwani yake, akamtazama wa Tanga.

"Wewe ulikimbia," akasema.

Ndani ya nyumba wakapiga kelele za furaha. "Huyo anasikia!" shangazi akasema. "Huyo si bure!"

Alama zake aliziandika kwenye gari, faili limekalia goti, njia nzima mpaka tukatoka kwenye vumbi. Hakumwonea mtu na hakumpendelea mtu. Wa Tanga alipata ya chini, lakini alifaulu. Wa Mkuza nilimwona anachungulia karatasi kwa jicho la pembeni, halafu anageukia dirishani.

Haikuishia hapo. Kikao cha idara kikaniita, mimi ambaye siitwagi vikaoni. Mwalimu mmoja, kijana wa mitambo ya sauti, akauliza ushahidi uko wapi. Masomo yote yana video, hili halina.

"Mtahini alikuwepo," mkuu akasema.

"Amefunikwa."

"Masikio hayakufunikwa," nikasema mimi.

"Mama, kwa heshima, hatuwezi kuhifadhi masikio ya mtu."

Wakacheka, na mimi nilicheka, maana alisema vizuri. Wakajadiliana kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, wakarudi kwenye Kiswahili. Mwishowe wakakubaliana: alama zinapita, kwa sababu mwaka wenyewe ulikuwa wa kubahatisha kila kitu. Lakini kuanzia mwaka unaofuata, kila somo la vitendo liwe na kumbukumbu ya video, korona iwepo isiwepo. Lisilo na kumbukumbu linatoka.

Mkuu akanigeukia. "Mama, zile za nje tu zingetosha. Turekodi za nje, za ndani tuziache. Somo linabaki, na wewe unabaki."

Alikuwa ananitupia kamba na nilijua. Lakini wasichana wa mwaka ule wote walikuja kwa sababu ya za ndani. Ningefundisha maganda tu, hata mimi ningechoka kujisikia.

"Alama zao zimepita?"

"Zimepita."

"Haziwezi kurudishwa?"

"Haziwezi."

"Basi litoeni somo."

Yule kijana wa mitambo ndiye wa kwanza kusema, na sauti yake ilikuwa imeshuka: "Mama, hatukumaanisha uondoke."

"Najua. Ila mimi nimemaanisha."

Sikulia. Watu wengine walitaka nilie ili wapate cha kunifariji. Nilikodi kirikuu, kile kigari cha mizigo, nikaenda kuchukua ngoma zangu, maana zilikuwa zangu, na mkuu wa idara akabeba vumi mwenyewe hadi kwenye gari, suti imejaa vumbi la ngozi. Aliniambia chuo kimepoteza. Nikamwambia chuo ndiyo, kimepoteza. Yeye akaja Mkuza baadaye na mke wake, na mke ndiye aliyebaki uani na sisi wanawake wa ngoma, yeye akatumwa sokoni.

Mahafali yalipofika, wa Mkuza aliniletea ujumbe kupitia dada yake: kila mhitimu ana nafasi ya watu wachache kwa sababu ya ugonjwa, moja ameniwekea mimi. Nikavaa gauni langu la kitenge na barakoa, maana nilimwahidi dada mtu sitamletea mtoto mchanga balaa. Tukakalishwa viti mbalimbali. Mshereheshaji akatangaza kwa kipaza sauti kwamba ndugu na jamaa tusipige vigelegele kila jina linapotajwa, tusubiri wote wamalize, tuokoe muda, tena tusirushe mate.

Nikawaona wangu wanapanda. Wa Songea, mama yake amekaa mbele yangu mistari miwili, nilimtambua kwa sauti tu alipokohoa. Wa Tanga. Wa Mbagala. Halafu jina la wa Mkuza likasomwa, akatembea na lile joho, na mkono wake mmoja, sijui kama mwenyewe alijua, unagonga paja.

Walisema tusubiri. Mimi sikusubiri. Nilipiga kigelegele changu ndani ya barakoa hiyohiyo, mate yangu yakabaki kwangu, na sauti ikafika jukwaani.